Darasa la Maji ya Moto

Wadogo zangu wa ofisi ya walimu,

Siku mliponiaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na kalamu, mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Saa nimeitundika. Inakwenda mbele dakika kumi na sina tena sababu ya kuirekebisha. Kalamu ndiyo hii. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, lenye barua mbili za pongezi na moja ya kuulizwa kwa nini sikuhudhuria semina ya Misungwi. Mimi nitawaandikia juu ya miaka minne niliyowafundisha Kiingereza watoto wa Kichina, maana ndiyo inayonijia kila alasiri nikikaa barazani, ziwa likiwa limetulia kule chini na mawe yakianza kupoa. Mengine nikitaka kuyakumbuka lazima niyatafute. Hayo huja yenyewe, na siku nyingine hata sijui kama niliyaona au niliyaota.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliona maduka yamejaa vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje. Mitumba ikamwagwa sokoni, viwanda vya minofu ya sangara vikachipuka kando ya maji, na kila mzazi mjini akataka mtoto wake ajue Kiingereza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Nyegezi, mwaka wa nane kazini, nikiwa na watoto themanini katika chumba cha watoto arobaini. Jioni nilirudi nyumbani sauti imekauka.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Kulwa, Msukuma mrefu mwenye koti moja la kaki, na kazi nilifundishwa na yeye. Chuoni walinipa cheti tu. Alinionyesha namna ya kupaka ubao upya kwa unga wa mkaa na majani ya viazi yaliyopondwa, na namna ya kukata chaki katikati ili isipige kelele ubaoni. Tena alinipa kanuni moja juu ya wazazi: baba au mama akija kumsema mtoto wake, mwalimu habishi. Mtoto ni wake. Wewe itikia, sema umesikia, kisha urudi darasani ufanye unavyojua. Kanuni hiyo ilinisaidia sana. Mzazi alisema mwanangu mkaidi, nikasema nimesikia baba, na kila mtu akaondoka na heshima yake.

Siku moja Mwalimu Kulwa aliniita ofisini, akaniambia kuna Wachina wanajenga barabara na wana kambi yao kando ya ziwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa kawaida mafundi wa namna hiyo huja bila familia, lakini kazi hii ilikuwa ya miaka mingi, hivyo wachache walikuwa wameruhusiwa kuja na wake zao na watoto. Asubuhi watoto walisomeshwa Kichina na mmoja wa akina mama. Walitaka mwalimu wa Kiingereza wa saa za mchana. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu nazungumza polepole, na kwa sababu wengine wote walishaomba.

Nilikwenda nimevaa gauni langu la kanisani. Langoni nilipokewa na mkalimani, Bwana Tang, mtu mzima mwenye miwani, aliyesoma Kiswahili chuoni kwao na kukisema kwa usafi kuliko sisi sote. Akainama akaniambia shikamoo. Alinizidi miaka ishirini. Nilibaki mdomo wazi, maana kuitikia ni utovu wa adabu na kutoitikia ni utovu wa adabu. Mwishowe nikamwamkia na mimi, tukasimama pale tumeamkiana bila wa kuitikia, hadi mlinzi akatufungulia geti.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kulia chakula. Watoto wanane walisimama kwa pamoja, wakanisalimu kwa sauti moja, wakakaa, mikono mgongoni. Nikaita majina nikiandika kwenye daftari la mahudhurio. Watatu walianza na jina moja, nikajua ni ndugu, na jioni nikampa mmoja wa akina mama pole ya kulea watoto watatu waliolingana umri. Bwana Tang alitafsiri bila kucheka. Baadaye akanieleza taratibu kwamba kwao jina la ukoo hutangulia, na kwamba watoto wale hawana undugu wowote.

Nilikuja kuona kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye ndugu wa tumbo moja. Somo la pili kitabuni lilikuwa la familia, kaka na dada, nikawaambia kila mmoja ataje wa kwake. Walitazamana. Kwao wakati huo familia nyingi ziliruhusiwa mtoto mmoja tu, nami sikulijua hilo. Ili somo lisife nikachora familia yangu ya Ukerewe: baba, mama, sisi tisa, mashangazi, wajomba, watoto wa mashangazi. Ubao ukajaa, nikaendelea na chaki kwenye sakafu. Watoto waliacha viti wakachuchumaa kunizunguka, wakihesabu watu wangu kwa Kiingereza, na walipofika thelathini wakaanza kuniangalia kwa huruma au kwa wivu, sikujua kipi.

Kulikuwa pia na habari ya maji. Siku za mwanzo niliwabebea maji ya mtungi, yale yenye harufu ya udongo, maana joto lilikuwa kali. Hakuna aliyeyagusa. Kila mtoto alikuwa na chupa yake ya chai, na ndani hamkuwa na chai, ni maji ya moto matupu. Saa tisa kamili walizifungua zote pamoja, mvuke ukapanda, wakanywa maji ya moto katika jua la Mwanza kama watu wanaojitibu. Nilidhani wanaumwa. Mwezi wa tatu mama mmoja alinimiminia kikombe akanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili huku nikipiga goti kidogo kama tulivyolelewa kwetu Nansio, kule Ukerewe. Yule mama alitabasamu. Tangu siku hiyo nilikuwa na chupa yangu kwenye dirisha.

Lakini kilichonivuta zaidi ni usingizi wao. Baada ya chakula cha mchana kambi nzima ililala: mafundi, wapishi, madereva. Nilifika saa nane nikitoka shuleni, nikawakuta watoto wamelaza vichwa juu ya meza, na sikuruhusiwa kuwaamsha hadi saa nane na nusu. Nusu saa hiyo nilikaa mlangoni. Nyuma yangu watoto wanane wanapumua, mbele yangu ziwa, na juu ya ziwa, kwa mbali, wale wadudu wadogo wanaoinuka kwa mamilioni mpaka mtu adhani maji yanatoa moshi. Kwa mwalimu aliyetoka kupiga kelele mbele ya watoto themanini, ule ukimya ulikuwa chakula. Niliona vitu vya ajabu katika saa hizo. Kuna siku nilifungua macho nikakuta ghuba imekuwa shamba, kijani tupu lenye maua ya zambarau hadi kwenye mawe, na ndege wanatembea juu yake. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo wakati sote tumesinzia.

Ndipo niliposikia mtu pembeni yangu. Alikuwa Mei, msichana wa miaka tisa, binti wa Mhandisi Zhao aliyesimamia kipande cha barabara cha Usagara. Mei alikuwa haongei. Tangu nifike hakuwa ametamka hata neno moja darasani, ila aliandika, na aliandika vizuri kuliko wote. Alisimama akiangalia ule uwanja wa kijani, akaandika kwa Kiingereza kwenye daftari lake, akanionyesha. Aliuliza kama mtu anaweza kutembea juu yake hadi ng'ambo. Nikaandika chini yake: hapana, atazama. Akauliza ng'ambo kuna nini. Nikaandika: nyumbani kwangu. Akafikiri, kisha akaandika kwamba yeye alidhani ng'ambo ni nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo tulivyozoeana, kwa penseli, wenzake wakiwa wamelala. Aliniandikia juu ya bibi yake aliyebaki kijijini kwao, mkali, asiyependa watoto wacheze. Alikaa naye miaka mitatu wazazi wakiwa kwenye miradi, na aliandika kwamba katika miaka hiyo alihesabu matofali yote ya ua. Aliandika pia swali juu ya tufaa, lile la ukurasa wa kwanza wa kitabu: matufaa ya hapa yana ladha gani? Nilikuwa nimefundisha tufaa miaka minane, nimelichora mara mia, na sikuwahi kulionja. Nikamwandikia hivyo. Mwezi uliofuata baba yake alirudi kutoka Nairobi na tufaa moja, Mei akalileta darasani likakatwa vipande tisa. Nikala changu. Halikuwa tamu kama nilivyolifundisha.

Jambo la ulimi lilinisumbua na mimi. Watoto wale walichanganya herufi mbili zilezile, L na R, ambazo sisi watu wa ziwani huzichanganya, na siku nyingine Mkerewe na Wachina wanane tuligombana nazo saa nzima bila kujua nani anamsahihisha nani. Mei alisikiliza tu. Baadaye nilielewa kwamba kwao mtoto hatamki kitu mpaka awe na hakika nacho. Mimi nilikuwa nangoja aanze kukosea, yeye alikuwa anangoja aache kukosea.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwisho wa muhula wa kwanza Mhandisi Zhao alikuja kuniuliza maendeleo, Bwana Tang akiwa katikati yetu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vumbi la barabara kwenye nyusi. Nilimwambia binti yake anaandika vizuri sana. Akatikisa kichwa na mikono yote miwili. Akasema hapana, Mei ni mzito, mvivu, kichwa chake hakishiki kitu, anamchosha mwalimu bure. Nilishangaa, lakini nilikumbuka kanuni ya Mwalimu Kulwa. Nikaitikia kwa upole kwamba nimesikia, tutasaidiana. Alishukuru, akaondoka. Nilijiona nimefanya vema.

Muhula wa pili ikawa hivyo hivyo. Akamponda mtoto, nikaitikia. Na mwisho wa mwaka, nilipoandika taarifa, nikataka kumpa heshima zaidi kama baba. Niliandika kwamba mzazi ameona sawasawa, mtoto ni mzito kidogo, ila tukishirikiana atafika. Bwana Tang aliitafsiri kwa mwandiko wake mzuri.

Wiki iliyofuata daftari la Mei halikuwa mezani. Mwenyewe alikuwepo, amelaza kichwa kama wenzake, lakini saa nane na nusu ilipofika hakuinuka. Nikamuuliza Bwana Tang. Akavua miwani, akaifuta.

"Mwalimu, nasikitika kukuarifu kwamba Mei atarejeshwa kwa bibi yake. Kuna kundi linaloondoka Jumamosi."

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu ya taarifa yako. Baba yake amesema kama hata mwalimu amekubali, basi mtoto ameshindwa. Hawezi kumweka hapa akapoteza miaka."

Nikamwambia mbona ni baba mwenyewe aliyesema. Akanieleza, polepole kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kwao mzazi hamsifu mtoto wake mbele ya watu. Humshusha, ili mwalimu amwinue. Mwalimu anatakiwa kukataa. Mzazi anashusha tena, mwalimu anakataa tena, na katika kule kukataliwa ndipo mzazi anapojua ukweli. Yule baba alikuja kwangu mara mbili kuokota sifa ya mwanawe, na mara mbili nilimrudishia aibu, ya tatu nikamwandikia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu kwamba alidhani namaanisha.

Sikufundisha siku ile. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kulwa, nikamkuta nyuma ya ofisi anaponda majani ya viazi kwa ajili ya ubao wa darasa la sita. Nilimsimulia yote huku machozi yananitoka, maana nilikuwa nayaona yale matofali ya ua. Alisikiliza bila kuacha kuponda.

"Kanuni ile niliipata kwetu Misungwi, mwanangu," alisema. "Sikujua kama utaipeleka kwa Wachina. Nenda kambini ukakose adabu."

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake nilifika saa nane, kambi imelala. Watoto walikuwa mezani, vichwa chini. Mhandisi Zhao alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho wa ukumbi, macho wazi, na karibu yake Bwana Tang niliyekuwa nimempelekea ujumbe amlete. Nikaweka mbele yao madaftari matatu ya Mei, aliyokuwa ameyajaza tangu mwanzo wa mwaka nami nikayatunza. Kwa kuwa watoto wamelala, tulizungumza kwa kunong'ona. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuuanza nimeufanya kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Nilisema binti yake ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Akatikisa kichwa, akasema ni mzito. Sikuwa nimewahi, hata kwa baba yangu mdogo, kumbishia mtu juu ya mwanawe.

"Hapana," nikasema.

Akasema ni mvivu. Nikafungua daftari la kwanza, nikasema hapana. Akasema hawezi hata kuongea. Nikafungua la pili, nikamwambia anaongea, ila anaongea kwa mkono, na mimi mwalimu ndiye niliyeandika uongo kwa sababu kwetu kumpinga baba wa mtoto ni fedheha. Nikasema taarifa ile nimeiandika kwa adabu, sikuiandika kwa macho yangu. Nikamwomba anisamehe. Bwana Tang alitafsiri kila neno.

Mhandisi Zhao alishika daftari la tatu akalisoma. Hakujua Kiingereza sana, ila palikuwa na michoro: ziwa, yale maua ya zambarau, na mtu mdogo anatembea juu yake. Nje palikuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakilamba mawe. Kisha akainuka, akachukua chupa ya chai ya dirishani, ambayo ilikuwa yangu mwenyewe, akanimiminia maji ya moto akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea. Nilipogeuka nikaona Mei amelaza shavu mezani kama wenzake, lakini macho yake yako wazi, na yalikuwa wazi muda wote.

Kundi la Jumamosi liliondoka bila yeye. Jumatatu nilipouliza nani atasoma, Mei alisimama, akasoma ukurasa mzima kwa sauti ndogo isiyo na kosa hata moja, zile herufi mbili zikiwa mahali pake. Wenzake waligeuka kumtazama kana kwamba meza imesema. Nikamwambia akae, nikajifanya natafuta chaki.

Alibaki miaka mingine mitatu, mpaka barabara ikakamilika na wote wakafungasha. Kila muhula baba yake alikuja kumponda mtoto na mimi nikakataa, mara tatu, bila kupunguza hata moja. Tuliufanya kama watu wanaosalimiana, na mwishoni hatukumhitaji Bwana Tang. Kwa wazazi wetu wa Nyegezi nako nikaanza kukosa adabu hivyo hivyo. Baba akisema mwanangu hana kichwa, nasema hapana, baba. Wengi walikasirika. Wachache waliomba nirudie.

Siku ya kuondoka kwao nilikwenda kuwaaga. Asubuhi ilikuwa na ukungu, ziwa halionekani, magari yamepangwa getini na watoto wamekaa juu ya mizigo na chupa zao mapajani. Mwalimu Kulwa alikuja pia, na koti lake, akaamkiwa na Bwana Tang na safari hii mwenye kustahili akaitikia. Mhandisi Zhao alinijia, Mei nyuma yake, amenifikia begani. Nilijua desturi. Nikasema maneno yangu ya siku zote, kwamba mtoto wake ana akili, nikasubiri atikise kichwa ili nikatae.

Hakutikisa kichwa. Alitazama upande wa ziwa, ambako palikuwa peupe tu, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake. "Ana akili."

Nikabaki sina la kukataa. Nikamwangalia Mei. Alikuwa amesimama wima, mikono mgongoni, kama wenzake wote siku ya kwanza darasani, akimtazama baba yake.